Kufagia Seva

Jumatatu, saa tatu na robo asubuhi, skrini ya geti iliganda kwenye namba 41. Dakika mbili baadaye kila lori lenye namba kubwa kuliko hiyo lilikuwa linapiga honi.

Violet Siwale alikuwa anamenya yai la kuchemsha. Aliliacha mezani, nusu lina nguo, nusu liko uchi, akavuta kibodi.

Yadi ya Mzee Enoka iko Mpemba, kabla hujafika Tunduma mjini. Malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia huegeshwa humo. Dereva anapewa kadi yenye namba, anakunywa chai, anaoga, anagombana na utingo wake, hadi namba yake iitwe. Hiyo ndiyo kazi yote ya yadi: kuita namba kwa haki. Zamani namba ziliandikwa kwa chaki ubaoni, na aliyeshika chaki hakukosa marafiki. Violet alikuwa na stashahada ya TEHAMA kutoka chuo kimoja cha Mbeya, na kwa miaka minne stashahada hiyo ilikuwa imelala begini chini ya kitanda huku yeye akiuza viatu vya mtumba sokoni. Miezi minane iliyopita alimshawishi mzee anunue seva ndogo ya Linux, skana mbili za kadi, moja kila geti, na skrini moja kubwa. Mzee alikubali kwa sharti moja. Mashine ikimwaibisha mbele ya madereva, ubao unarudi ukutani na Violet anarudi kwenye viatu.

Ilikuwa imeshamwaibisha mara moja, mzee akasamehe. Hii ilikuwa ya pili.

Aliiuliza mashine ina nafasi kiasi gani. Ikajibu: diski imejaa, asilimia mia moja.

Hakuhitaji mganga wa kumwambia sababu. Kila kadi inapogusa skana, programu ya foleni inaandika mstari kwenye faili la kumbukumbu, ambalo mafundi huliita logi. Skana ikigoma, inaandika. Ikipona, inaandika. Mistari inarundikana usiku na mchana, na asipokuwepo wa kuiondoa, inaijaza diski mpaka mashine inakosa pa kuandika na kusimama. Violet alikuwa amejiwekea utaratibu. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni siku ya usafi, yadi nzima inashika mafagio, na yeye siku hiyo huizima seva, huifuta vumbi, huifuta na logi. Mwezi huu Jumamosi ya usafi ilikuta msiba. Shemeji yake Mzee Enoka alifariki Ihanda, na yadi yote, kuanzia mwenye mali hadi mama wa chai, ilikwenda kuzika. Hakuna aliyefagia. Makopo na maganda ya miwa yalivumilia. Mashine haikuvumilia.

"Bamayo," sauti iliita dirishani, yaani mama kwa Kibemba. Alikuwa Clement, dereva wa Ndola, ambaye alipita pale karibu kila wiki na kujifanya mwenyekiti wa madereva bila kupigiwa kura. "Mimi ni 42. Nimekuwa 42 tangu jana. Nitazeeka nikiwa 42."

"Zeeka kimya kimya, baba. Nafanya kazi."

Alifuta faili la logi kwa amri moja, kama afanyavyo kila mwezi. Akaiuliza tena diski. Asilimia mia moja.

Alitazama. Faili halikuwepo, hilo aliliona kwa macho yake. Ila nafasi haikurudi. Ilimchukua dakika kadhaa kuelewa. Siku za usafi huwa anaizima mashine kabisa, kwa hiyo alikuwa hajawahi kuona hili. Programu ya foleni ilikuwa bado imelishikilia lile faili. Ni kama mpangaji aliyefutwa jina kwenye daftari la mwenye nyumba lakini yumo chumbani, amejifungia, analala. Jina halipo, kitanda kimejaa.

Hakuwa na njia nyingine ila kuizima na kuiwasha. Ilichukua dakika ishirini na tano. Kwa dakika hizo ishirini na tano madereva waliamua foleni ni ya wenye nguvu. Wawili waligombania njia ya kutokea, kioo cha pembeni cha lori moja kikabaki chini vipande vipande, na matusi yakatembea kwa Kiswahili, Kibemba na Kinyiha. Skrini ilipowaka na kuita 42, Mzee Enoka alikuwa ameshafika na kofia yake ya msiba.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba, Mama Gwalugano. Imekufa?"

"Imejaa."

"Imejaa nini? Mimi naona boksi ni lile lile."

"Maandishi. Inaandika kila kitu. Skana ikikohoa, inaandika."

"Kama shangazi yangu akipewa simu," Clement alisema akipita na kadi yake.

Mzee hakucheka. "Sikiliza mwanangu. Ijumaa saa kumi jioni. Ikisimama tena kabla ya hapo, bawabu Osea anapanda ngazi kutundika ubao. Na wewe utaondoka kwa amani."

"Kwa amani ndiyo kufukuzwa?"

"Kwa amani na barua nzuri."

Violet alirudi kwenye yai lake. Lilikuwa limeingia vumbi. Akalila hivyo hivyo, kwa sababu watoto watatu hawasomeshwi na barua nzuri.

*

Jumanne asubuhi aliweka simu kimya, akafunga dirisha, akaanza kusoma mwongozo uliomo ndani ya mashine yenyewe. Chuoni mwalimu aliwahi kuutaja mtambo unaoitwa logrotate, kwa nusu saa, siku ambayo umeme ulikatika. Ulikuwa humo tangu siku seva iliponunuliwa, umekaa bure kama jembe la mgeni. Kazi yake ni ile ile aliyokuwa anaifanya yeye kwa mkono: kuchukua logi iliyonona, kuiweka kando, kuanzisha nyingine tupu, na kutupa zilizozeeka. Tofauti ni kwamba wenyewe hauendi msibani.

Aliuandikia maagizo kwenye faili dogo, mistari haifiki kumi. Zungusha kila siku. Tunza vipande saba. Kilichozungushwa kibanwe kiwe kidogo. Faili likikosekana, usilalamike. Likiwa tupu, liache. Na agizo lililomtuliza kuliko yote: nakili logi pembeni, kisha mwaga iliyopo bila kuiondoa mikononi mwa programu. Kama kumwaga maji ya ndoo bila kuitoa chini ya bomba. Mpangaji anabaki chumbani, mizigo ndiyo inatoka.

Aliujaribu kwanza kwa mazoezi, ule mtindo ambao mtambo unaeleza utakachofanya bila kukifanya. Ukaeleza vizuri. Akaulazimisha ufanye kweli. Ukafanya, na skrini ya geti haikupepesa hata mara moja.

Alifurahi, akakosea kumweleza mzee.

"Vipande saba," Mzee Enoka alisema. "Cha nane kinakwenda wapi?"

"Kinafutwa."

"Nani kakupa ruhusa?"

Alimwita ofisini kwake, akafungua sanduku la bati lililojaa madaftari. Kwa maelezo yake, kila lori lililolala katika yadi ile tangu mwaka 2004 lilikuwa humo, kwa mwandiko wake au wa marehemu kaka yake. Mzee alisimulia kisa cha dereva aliyekana kwamba aliwahi kulala pale, na trela lake lilikuwa limepotea, na daftari likafunguliwa mbele ya polisi. "Ukitupa maandishi umetupa shahidi," alisema. "Hapa hatutupi karatasi."

"Mzee, hizo ndizo zilizotusimamisha jana."

"Basi tafuta sanduku kubwa."

Violet alikuwa na ulimi mwepesi, na siku nyingine angejibu. Lakini aliyatazama yale madaftari, akaona mzee hasemi uongo. Yeye mwenyewe alikuwa amefuta miezi minane bila kusoma hata mstari mmoja.

"Zikibanwa zinakuwa ndogo sana," alisema. "Kipande kikubwa kama gunia kinatosha kwenye kikombe."

"Kwa uchawi gani?"

"Kwa sababu mashine inarudia maneno yale yale. Mzee, kitabu cha nyimbo cha kanisani. Wimbo una beti sita na kiitikio. Kiitikio wamekichapa mara ngapi?"

Mzee alifikiri. "Mara moja."

"Na mnakiimba mara ngapi?"

"Sita."

"Ndiyo kubana huko. Hakijapotea hata kitenzi kimoja."

Mzee alifunga sanduku taratibu. "Siku sitini," alisema. "Baada ya siku sitini hata mimi dereva nakuwa nimemsahau."

"Sitini," alisema Violet, akaenda kubadilisha saba kuwa sitini.

*

Jumatano aliingia kazini saa moja kasoro asubuhi, akaiuliza diski kabla hajavua sweta. Asilimia themanini na nane.

Alikaa. Jana jioni ilikuwa ishirini.

Mtambo haukuwa na kosa. Aliuambia uzungushe mara moja kwa siku, na zamu yake ilikuwa imepita kabla logi haijavimba. Logi ya usiku mmoja peke yake ilikuwa imenenepa kuliko ya wiki nzima ya mwezi wa kwanza. Kwa mwendo ule, hata mara moja kwa siku ilikuwa sawa na kumwogesha nguruwe.

Kwanza aliulazimisha uzungushe pale pale. Kile kipande kikabanwa, diski ikashuka hadi ishirini na mbili, na mapigo ya moyo yakashuka nayo. Kisha akaongeza agizo la ukubwa: logi ikizidi megabaiti mia moja, isisubiri kesho. Alipousoma mwongozo vizuri akagundua kwamba agizo hilo halina maana kama mtambo wenyewe unaamka mara moja kwa siku. Mlinzi anayepita alfajiri tu hawezi kumkamata mwizi wa adhuhuri. Akauweka uamke kila saa.

Alikuwa ameshasimama kwenda kunywa chai alipokumbuka. Sitini. Alikuwa ameandika vipande sitini, na sasa siku moja inaweza kutoa vipande kumi. Kwa hesabu hiyo ahadi ya siku sitini ingeisha kabla ya wiki. Mzee asingejua hadi siku atakapohitaji. Violet aliketi tena. Akaruhusu vipande elfu moja na mia tano, akaagiza kinachofutwa kiwe tu kile kilichotimiza siku sitini, na kila kipande kipewe jina lenye tarehe na saa ili kisigongane na ndugu zake.

Chai ilikuwa imepoa. Mama wa chai alimwambia, "Tangu juzi unakunywa chai ya maiti."

"Bora ya maiti kuliko ya aliyefukuzwa kazi. Niongezee."

*

Alhamisi asubuhi diski ilikuwa asilimia ishirini na tatu. Mtu mwingine angeshukuru Mungu akaendelea na shughuli zake. Violet alifungua orodha ya vipande, na kwa sababu sasa kila kimoja kilikuwa na saa yake, akaona kitu ambacho miezi minane asingeweza kukiona. Mchana kutwa, kipande kimoja. Kuanzia saa kumi na mbili jioni, kipande kila saa bila kukosa. Saa kumi na mbili asubuhi, kimya.

Usiku yadi haiiti namba. Malori yamelala. Sasa mashine ilikuwa inaandika nini?

Alifungua kipande cha saa tatu usiku. Mstari wa kwanza: skana ya geti la pili haioni. Wa pili: skana ya geti la pili haioni. Akashuka mistari elfu, akakuta maneno yale yale. Akaruka hadi mwisho. Geti la pili haioni, geti la pili haioni, mara elfu kwa sekunde, kama mtoto anayeita mama kutoka chooni.

Alivaa viatu akaenda geti la pili. Pale huwa Mzee Osea, bawabu mwenye umri wa baba yake, mtu wa Igamba, aliyewahi kulinda ghala la kahawa miaka ishirini bila kupotea punje.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mbona unatembea kama una ugomvi?"

"Sina. Nataka kuuliza. Jioni ukifunga geti, hii skana unaifanyaje?"

Uso wa Osea ulichanua. Alikuwa amesubiri muda mrefu mtu aulize. Aliingia kibandani akatoka na mfuko mzito wa mbolea uliooshwa, kipande cha blanketi na kamba ya mpira. "Naifunika. Vumbi la hapa unalijua, na alfajiri umande. Kwanza blanketi, halafu mfuko, halafu nakaza. Wewe mwenyewe ulisema niitunze kama mtoto."

"Tangu lini?"

"Blanketi, tangu siku uliponikabidhi; mfuko nimeongeza tulipotoka msibani, niliona blanketi linapitisha mwanga na vumbi. Hata Jumapili sijawahi kuacha. Huyu wa geti la kwanza hafuniki, uliza."

Violet aliutazama ule mfuko. Alitaka kukasirika, akakosa pa kuanzia.

"Baba, mtoto hafunikwi uso."

"Eeh?"

"Hiki chombo kina jicho, kile kioo. Usiku kucha kinalia kwamba hakioni, na kila kilio mashine inakiandika. Ndivyo ilivyojaa Jumatatu."

Osea alikaa kwenye kiti chake polepole, mfuko ukiwa mapajani. "Kwa hiyo ni mimi niliyesimamisha yadi."

"Ni mimi. Nilikwambia tunza, sikukwambia namna. Na miezi yote hii nilikuwa nafuta bila kusoma. Nafagia bila kuangalia takataka ni za nani."

Osea aliinuka, akaikagua skana juu na chini. Halafu akasema, kwa sauti ya mtu wa ghala, "Inahitaji paa, siyo blanketi."

"Unaweza?"

"Nina dumu la lita ishirini lililopasuka. Nipe nusu saa na kisu."

Alilikata dumu likawa kama kofia yenye ukingo mbele, akalifunga juu ya skana kwa waya. Jicho likabaki wazi, vumbi likapata pa kutua. Ijumaa asubuhi orodha ilionyesha usiku mzima umetoa kipande kimoja, tena chembamba. Violet aliisoma mistari yote. Hapakuwa na kilio.

*

Ijumaa upande wa pili wa mpaka walisimamisha kazi nusu siku, na kila lori ambalo lingekuwa limeshavuka lilibaki Mpemba. Kufikia saa nane mchana yadi ilikuwa na malori mia moja arobaini. Kadi zilikuwa zinagusa skana bila kupumzika, madereva wanaingia kuuliza, wanatoka, wanaingia tena. Violet alifungua dirisha dogo la maagizo pembeni na kulitazama kama mtu anayetazama maziwa jikoni. Saa nane kamili mtambo uliamka, ukapima, ukarudi kulala. Saa tisa uliamka, ukakuta logi imezidi mia, ukaimwaga. Skrini ilikuwa inaita 77. Ikaita 78.

Saa kumi kasoro dakika tano Mzee Enoka aliingia, akavuta kiti, akakaa. Aliikazia macho saa ya ukutani hadi ilipofika kumi na kuipita.

"Haijasimama," alisema.

"Haijasimama."

"Nitolee ya Jumatatu. Wale wawili wa kioo bado wanabishana nani alikuwa na namba ndogo. Nataka kuwasomea."

Violet alijua swali hilo lingekuja siku moja, ila hakutegemea lije leo. Angeweza kusema mashine iliila yenyewe. Mzee asingejua tofauti.

"Ya Jumatatu asubuhi sina," alisema. "Niliifuta kwa mkono wangu, na zote za nyuma yake. Nina kuanzia ilipowaka tena. Kuanzia Jumanne niulize lori lolote, saa yoyote."

Mzee alimtazama. Nje mtu alikuwa anapiga honi bila sababu.

"Lori la mbao la jana. La bluu, kadi ya 63. Liliingia saa ngapi?"

Violet aliandika maneno machache, akasubiri pumzi mbili. "Saa tano na dakika kumi na nane, geti la kwanza. Lilitoka saa kumi na nusu."

Mzee alitoa daftari mfukoni, akalamba kidole, akatafuta. Kumbe muda wote alikuwa anaandika kwa mkono wake. Akalinganisha, akarudisha daftari mfukoni.

"Madaftari yangu ya mwaka 2008 yaliliwa na mchwa," alisema. "Yote. Sijawahi kumwambia mtu. Kila anayeniuliza ya mwaka huo namwambia nimeyaazimisha."

"Kwa nani?"

"Sijawahi kuulizwa hilo."

Violet alicheka, na mzee akajitahidi asicheke.

"Mdogo wangu ana yadi Mlowo," mzee alisema akisimama. "Bado wanaandika kwa chaki. Wanapigana kila wiki. Jumatatu twende ukaione."

"Jumatatu siwezi, nina kikao cha wazazi shuleni kwa Gwalugano. Jumanne."

"Jumanne mimi nina baraza la kanisa."

"Basi Jumatano, saa mbili asubuhi. Na Mzee Osea twende naye, akaangalie pa kufunga skana kabla sijaandika chochote."

Mzee alikubali kwa kichwa, akatoka. Violet alivuta kibodi akaiuliza diski. Asilimia ishirini na nne. Dirishani Clement, ambaye alishashusha mzigo ng'ambo tu ya mpaka na kurudi kupakia mwingine, alinyoosha kadi.

"Bamayo, mimi ni 112. Nitafika lini?"

"Ukiitwa. Ondoka mwangani, baba, siioni skrini."